Vipande vinne vya piano vinavyoitwa rahisi: kipi ni kigumu kwako kweli?

Ukiuliza watu wa piano hapa Lubumbashi, iwe Kampemba au Katuba, uanze na kipande gani nje ya nyimbo za kanisa, majina yanayorudi ni manne. Kuna Prelude ya kwanza ya Bach. Kuna Lettre à Élise ya Beethoven. Kuna sehemu ya kwanza ya Sonate au clair de lune, ya Beethoven huyohuyo. Na kuna Gymnopédie nambari 1 ya Erik Satie. Kila kimoja kina mtu wake wa kukuapia: "Ile iko rahisi, yaya, wiki mbili tu umemaliza."

Wote wanasema kweli, kila mmoja kwa mikono yake. Aliyekulia kwenye korali akisikiliza akodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) kwa masikio hamalizi kipande sawa na aliyefundishwa solfeji, yaani kusoma noti, na masista. Mwenye piano ya mbao sebuleni hachoki mahali anapochokea mwenye kinanda cha umeme kwenye meza ya kulia chakula. Kwa hiyo swali la "kipi rahisi kuliko vyote" halina jibu moja, lakini swali la "kipi rahisi kwangu, kwa kinanda nilicho nacho, mwaka huu" lina jibu, na unaweza kulipata kabla ya kupoteza miezi.

Vigezo kwanza

Kuna ngazi zilizokwisha kupangwa na wenye kazi hiyo. Henle, wachapaji wa noti wa Ujerumani, huweka vipande kwenye ngazi 1 hadi 9. Mitihani ya ABRSM ya Uingereza ina gredi 1 hadi 8. Ni msaada mzuri, usizidharau. Ila nambari moja inabeba kipande kizima, na aliyeipanga alikuwa anamfikiria mtu mwenye piano ya funguo 88 na pedali. Lettre à Élise, kwa mfano, iko ngazi ya 4 kwa Henle, ambapo ngazi za kati zinaanza. Nambari hiyo haikwambii kwamba ukurasa wa kwanza ni wa mwanafunzi mchanga na ukurasa unaofuata si wake.

Mimi napima kwa mambo matano. La kwanza ni kusoma: diyezi (alama za kupandisha noti nusu hatua) na bemoli (za kuishusha) ngapi, na je, kuna mfumo unaojirudia au kila mstari ni habari mpya? La pili ni mkono: unatanuka kiasi gani, unaruka wapi, vidole vinatakiwa kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja? La tatu ni mahali pabaya kuliko pote. La nne ni sauti, yaani kazi inayobaki baada ya noti kujulikana. La tano ni kinanda chenyewe.

La tatu ndilo watu wanaliruka, kwa hiyo nilikalie kidogo. Kipande hakina ugumu wa wastani. Kina ugumu wa vipimo vyake vinne vibaya zaidi (kipimo ni kile kisehemu cha noti kati ya mistari miwili ya wima), kwa sababu hapo ndipo utakaposimama mbele ya watu. Usivitafute kwa weusi wa karatasi tu. Angalia pale mfumo unapobadilika, pale mkono unaporuka, pale diyezi zinapoongezwa katikati ya mstari. Anzia hapo siku ya kwanza, kabla hujagusa mwanzo. Piga mkono mmoja mmoja, kisha yote miwili, kwa mwendo ambao hukosei hata noti moja, na usome metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mwendo, inasema ngapi. Linganisha na mwendo wa kipande. Ukifika karibu nusu yake, kipande kiko ndani ya uwezo wako. Ukiwa chini ya robo, rudi kesho yake: kama mikono imebakiza kitu, endelea, kama imesahau yote, weka karatasi kabatini na uchukue nyingine. Hili ni jaribio langu, si sheria ya mtu, lakini linaokoa muda kuliko video kumi.

Video ina udanganyifu wake. Anayepiga vizuri huficha ugumu, ndiyo kazi yake. Na kipande cha polepole kwenye video kinaonekana rahisi kwa kila mtu.

Kuhusu kinanda: wengi wetu tunajifunzia kinanda cha funguo 61, kilekile cha korali, kinachoanzia do na kuishia do, oktava tano. Jiulize mambo mawili zaidi. Ukibonyeza kwa nguvu, sauti inaongezeka, au ni ileile daima? Na kina pedali ya kushikilia sauti? Majibu haya yanaweza kugeuza orodha nzima juu chini.

Prelude ya kwanza ya Bach, katika do (BWV 846)

Inafungua kitabu cha kwanza cha Das Wohltemperierte Klavier, cha mwaka 1722. Ina vipimo 35.

Kusoma ni kwepesi kuliko inavyoonekana. Ukurasa umejaa noti, lakini kila kipimo ni akodi moja iliyofunguliwa: kushoto noti mbili, kulia tatu, zile tatu tena, halafu yote yanarudiwa. Kipimo cha kwanza ni do, mi, sol, do, mi, basi. Jaribu hivi: usipige noti moja moja, bonyeza zote tano pamoja kama akodi, kisha hamia kipimo kinachofuata. Kama unaweza kupita ukurasa mzima hivyo bila kusimama, kipande unacho. Mpiga piano wa korali aliyezoea kusikia akodi zikibadilika hushangaa hapa jinsi mambo yanavyokwenda haraka.

Mkono haupati shida kubwa. Kidogo tu kushoto, pale besi inapozama na noti ya pili kubaki juu. Mahali pabaya ni pawili. Kwanza katikati, kipimo cha 22 na 23, ambapo besi inapita fa diyezi kwenda la bemoli, kisha inatua kwenye sol na kukaa hapo vipimo vinane huku akodi zikibadilika juu yake. Kwa sababu zinafanana, kumbukumbu inateleza: unajikuta umeruka kipimo na hujui. Pili ni mwishoni. Vipimo vitatu vya mwisho vinaacha mfumo uliouzoea, na mwanafunzi aliyepiga vizuri mpaka hapo anajikwaa mlangoni.

Kinachobaki baada ya noti ni usawa. Noti kumi na sita kila kipimo, na kidole kimoja kizito kinasikika mara moja. Bach hakuandika mwendo, wala nguvu, wala pedali, kwa hiyo hakuna pa kujificha, lakini pia hakuna anayekulazimisha kukimbia.

Kwa kinanda cha 61, hiki ndicho kinachoingia bila kukatwa. Noti ya chini kabisa ni do ileile ya kwanza upande wa kushoto. Mkono wa kushoto unashikilia noti zake wenyewe, hivyo pedali si lazima. Hata kinanda kisichobadilisha sauti kwa nguvu ya kidole kinakubalika: vinubi vya funguo vya zama za Bach, vile vya klavsini, navyo havikuwa na uwezo huo.

Kuna jambo moja kwa watu wa kanisa. Ave Maria ya Gounod, ile ya harusini, imewekwa juu ya Prelude hii hii. Ukijifunza kimoja una usindikizaji wa kingine. Ila angalia nakala: Gounod alitumia toleo lenye kipimo kimoja cha ziada, kinachoingia baada ya cha 22, hivyo hesabu inakuwa 36 bila ule utangulizi wa kinanda. Aliyeshika vipimo 35 kwa moyo akaketi kumsindikiza mwimbaji bila kuangalia, atampoteza hapo hapo kwenye pale pabaya nilipotaja.

Lettre à Élise

Beethoven aliiandika mwaka 1810, ikachapwa mwaka 1867, miaka 40 baada ya kifo chake. Kila mtu anajua mwanzo wake: mi, re diyezi, mi, re diyezi, mi, si, re, do, la. Tatizo liko hapo hapo kwenye kujulikana.

Kipande kina sehemu tatu, na ile ya kwanza inarudi kati ya nyingine. Sehemu ya kwanza ni kweli nyepesi: mikono inapokezana, hakuna mtanuko mkubwa, kusoma kunakwenda. Mtego wake mmoja tu ni pale mi inaporuka kutoka oktava moja hadi nyingine kisha mi na re diyezi zinazungushana mara nyingi kuliko ulivyozoea. Hesabu kwa sauti, usitegemee sikio.

Halafu sehemu ya pili inaingia, na noti za mkono wa kulia zinakuwa fupi mara mbili kuliko zile za mwanzo. Aliyeanza kwa kasi ya video anakuta hana pa kwenda. Ndiyo maana nasema mwendo wa Élise uchukuliwe kutoka hapa, si kutoka mi na re diyezi. Sehemu ya tatu inabadilisha mambo tena: kushoto noti moja, la, inarudiwa bila kupumzika chini ya akodi nzito, na kidole kinachoka, kisha kulia kunapanda arpejio ndefu (akodi inayopigwa noti moja moja) mpaka juu kabisa na kushuka nusu hatua kwa nusu hatua. Hapo ndipo vipimo vinne vya kujaribia siku ya kwanza.

Sauti yake si ngumu kama watu wanavyodhani. Ikipigwa wazi na bila machozi mengi inapendeza. Kwa kinanda, ile arpejio ya kupanda inafika mi iliyo juu ya do ya mwisho ya funguo 61. Utalazimika kukata oktava moja au kuishia chini. Si aibu, lakini ujue mapema. Bila pedali inasimama, ingawa kavu.

Jihadhari na karatasi zinazozunguka kwenye WhatsApp zenye kichwa "Élise" na ukurasa mmoja tu. Ni sehemu ya kwanza peke yake, mara nyingine imerahisishwa. Hakuna ubaya kuipiga, mradi usije ukamwambia mtu kwamba umemaliza kipande.

Sonate au clair de lune, sehemu ya kwanza

Kabla ya lolote, hakikisha umepakua kipande chenyewe. Clair de lune ya Debussy ni kitu kingine kabisa, bemoli tano na ugumu wa juu zaidi. Hii ya Beethoven ni opus 27 nambari 2, iliyochapwa mwaka 1802, na jina la mbalamwezi si lake. Lilitokana na maneno ya mhakiki Ludwig Rellstab baada ya mtunzi kufa.

Hiki ndicho kipande kinachodanganya kuliko vyote vinne kwa sababu ya upole wake. Kusoma: diyezi nne mwanzoni, na nyingine zinaongezwa njiani, pamoja na si diyezi inayowavuruga wengi. Mpiga kinanda aliyezoea kupiga kila wimbo katika do na kuacha kitufe cha kuhamisha sauti kifanye kazi, hapa anakutana na ukuta. Kitufe kitabadilisha sauti, karatasi haitabadilika.

Mkono wa kulia ndio hadithi yenyewe. Vidole vitatu vinatembeza noti tatu tatu bila kusimama, na kidole kidogo juu yake kinaimba wimbo. Kidole dhaifu ndicho kinachotakiwa kusikika zaidi, na vile vyenye nguvu vinyamaze. Mapema tu, kipimo cha 8, mkono huo unatakiwa kutanuka noti tisa kutoka la hadi si ya juu. Mtoto au mtu mwenye kiganja kidogo ataona hapo. Kisha kuna ule mdundo wa wimbo: noti ndefu yenye nukta na fupi inayofuata. Ile fupi haipigwi pamoja na noti ya tatu ya zile tatu tatu. Inakuja baada yake, kidogo tu. Sikiliza wanafunzi kumi, wengi watazigonga pamoja. Jaribu kipimo kimoja chenye mdundo huo, polepole sana. Kama unaweza kuzitenganisha huku kidole kidogo kikibaki juu ya vingine, basi kasi haitakusumbua, maana kipande ni cha polepole.

Kinanda cha 61 kinashindwa mapema. Kushoto kuna oktava zinazoshuka: kipimo cha kwanza do diyezi, na hiyo ipo, kipimo cha pili noti ya chini ni si, na kinanda kimekwisha. Unaweza kupiga noti ya juu ya kila oktava na kuacha ya chini. Wimbo utabaki, uzito utaondoka. Pedali haiepukiki: Beethoven mwenyewe aliagiza vizuia sauti viinuliwe kipande kizima, jambo ambalo kwenye piano za leo tunalipunguza kwa kubadilisha pedali kila akodi inapobadilika. Na kama kinanda chako hakitofautishi kidole kizito na chepesi, wimbo hautatoka hata ufanye nini. Tatizo halitakuwa kwako.

Gymnopédie nambari 1

Ya mwaka 1888. Diyezi mbili, noti chache, mwendo ambao Satie aliuandika "polepole na kwa uchungu". Kusoma ni karibu sawa na Bach kwa wepesi.

Mkono wa kushoto unaruka katika kila kipimo: besi chini, kisha akodi juu. Kipimo cha kwanza ni sol, kisha si, re, fa diyezi zilizo mbali, mkono hauwezi kufunika vyote. Kipimo cha pili ni mbali zaidi, kutoka re ya chini. Polepole hakupunguzi ugumu huu. Kunauanika, kwa sababu akodi ikitua kwa kishindo kila aliyeketi amesikia. Jaribio lake ni fupi: piga vipimo vinne vya mwanzo, kushoto peke yake, bila kuangalia mkono, mpaka akodi itue laini mara kumi mfululizo. Kuelekea mwisho akodi zinabadilika ghafla kidogo, lakini aliyeshinda kuruka ameshinda karibu yote.

Pedali ndiyo roho ya kipande. Besi ikiachwa na mkono lazima pedali iishikilie mpaka kipimo kiishe. Bila pedali unasikia besi, kimya, akodi, kimya. Upande mwingine, ugumu wa sauti hapa si wa kidole kidogo dhidi ya vingine. Wimbo na akodi ziko mbali mbali, hivyo kuzitenganisha ni rahisi kuliko kwenye Beethoven.

Uchague kipi basi

Kama wewe ni wa korali, unapiga kwa masikio na karatasi inakupa jasho, anza na Bach kwa ile njia ya akodi tano pamoja. Utasoma bila kujua unasoma, na harusi ijayo una kitu mkononi. Kama karatasi si shida kwako lakini vidole ni vizito, sehemu ya kwanza ya Élise itavifanyia kazi vizuri, na sehemu nyingine zisubiri.

Mwenye kinanda kisicho na pedali wala mguso asijitese na Satie wala na clair de lune nyumbani. Ila kama parokia au shule inakuruhusu kukaa kwenye piano ya kweli mara kwa mara, gawanya kazi: nyumbani jifunze noti na miruko, mkono mmoja mmoja, hata umeme ukikatika na kinanda kikiwa kimya, maana miruko ya Satie inaweza kufanyiwa mazoezi bila sauti, kwenye piano ya kweli fanya pedali na kidole kidogo tu, usipoteze saa hiyo kusoma.

Mtoto mwenye kiganja kidogo: Bach au mwanzo wa Élise. Mtu mzima aliyechelewa kuanza, mwenye mkono mpana, mwenye subira na asiyependa kukimbizwa: Satie, au clair de lune kama diyezi hazimtishi. Mwenye tarehe iliyokwisha kupangwa, wiki chache mbele, achague kile ambacho vipimo vyake vinne vibaya vimefika nusu ya mwendo siku ya kwanza, hata kama si anachokipenda zaidi.

Na aliyekwama katikati ya Élise tayari, mwanzo unatoka vizuri na mwisho hautoki kabisa, asirudi tena kwenye mi na re diyezi. Aanzie kwenye la zinazorudiwa, kipimo kimoja, kesho aongeze kile kilicho nyuma yake, mpaka akutane na sehemu anayoijua.